Anwani ya Bwana Sabatino

Miaka thelathini na moja hajagonga hata kopo.
Imeandikwa kwenye karatasi, ina muhuri.
Panda yake ya kijani
huitoa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa
kumpeleka Filomena kusafishwa damu,
na Jumapili, mvua isiponyesha, makaburini.
Huendesha kama mtu aliyepakata mayai.

Leo amevua kofia, ameiweka juu ya meza yangu.
"Binti, nimekosa nini?"

Mimi ndiye ninayebonyeza.
Mashine inauliza mwaka aliozaliwa, naijibu.
Inauliza kazi: mwoka mikate, mstaafu.
Inauliza anakaa wapi. Napoli, Materdei, ghorofa ya nne.
Hapo inanyamaza kidogo,
kama shangazi aliyetajiwa ukoo wa mchumba,
kisha inatema: euro elfu moja mia mbili na arobaini.

Haijauliza kama husimama kwa ajili ya njiwa.

Shemeji yake Ottone, wa kule Trento milimani,
aligonga lango la kanisa, na mwaka juzi kulungu.
Analipa mia tano na themanini.
"Kulungu!" anasema Bwana Sabatino. "Mnyama mzima, mwenye pembe!"

Namweleza nilivyofundishwa kueleza:
kwamba bima ni mchango, kila mtu anatia chake chunguni
na aliyefikwa ndiye anayepakuliwa;
kwamba chungu cha mtaa wetu hupakuliwa mno,
pikipiki tatu kwa wiki, vioo, na shingo zinazoanza kuuma
mara tu wakili afunguapo faili;
kwamba tukiifuta anwani mzigo haufutiki,
unahama bega tu, na huko Trento nako
yuko mjane mwenye gari dogo na pensheni ndogo,
naye atauliza, "Binti, nimekosa nini?"

Ananisikiliza hadi mwisho. Mwokaji anazijua hesabu za unga.
"Sawa. Samaki mmoja akioza, nyinyi mnatupa tenga.
Lakini mimi si samaki, binti. Ninuse."

Sicheki, ingawa nataka.
Tuliambiwa chanda chema huvikwa pete.
Chanda chema ni hiki hapa, kina makovu ya tanuri,
nacho kinalipia mkono mzima.

Na jambo moja halimo katika somo nililopewa:
bei ikipanda, wengine wanaiacha bima,
wakiiacha, inampandia aliyebaki,
mpaka anayebaki ni yule tu anayeogopa kukosa.

Analipa kwa awamu mbili. Noti anazihesabu,
analowesha kidole, anazihesabu tena.
Dirishani namwona akiwasha taa ya kukata kona
kwenye barabara isiyo na mtu.
Kijana wa pikipiki, kichwa wazi,
anatokea kusikojulikana, anampita kulia, anamtukana.
Bwana Sabatino anampisha.

Gari langu, kwa mujibu wa karatasi, linalala Potenza
kwa mama mdogo, kando ya banda la kuku.
Hewa ya huko ni safi. Nalipa nusu.

Kofia ameisahau mezani.
Nitampelekea jioni nikifunga ofisi.
Si mbali: hatua arobaini
kutoka mlango wangu hadi wake.