Bei ya Julai

Nkuhungu, saa tano usiku. Upepo wa Julai
unagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Mtihani umebaki wiki mbili, somo lile lile
lililoniangusha kwa alama tatu.
Naanza upya: thamani ya leo ya fedha ya kesho,
gawanya, punguza, usisahau mfumuko wa bei.

Kitabu kinatoa mfano wa kiwanda cha magari.
Kiwanda cha magari mimi nimekionea wapi?
Ninachokijua ni mahindi ya mama, sokoni Kibaigwa,
lumbesa iliyovimba kichwa, mizani ya dalali,
na dalali mwenyewe: "Mama Seche,
bei ya leo ndiyo hii. Ya kesho siijui."

Basi nikafungua jedwali langu.
Mwaka. Magunia. Bei aliyouzia, Julai, soko limefurika.
Bei ya Januari, maghala yakiwa na mwangwi mtupu.
Tofauti nikaipaka nyekundu.
Miaka sita: milioni moja na laki saba, kasoro kidogo.
Nikaandika pembeni, kwa lugha ya ofisi ninayoiota,
"Mkulima hana subira. Hakuzingatia msimu."

Lakini mchambuzi hakisii tarehe.
Nikavuta bahasha ya kaki chini ya godoro,
stakabadhi za shule ya bweni, Mpwapwa,
wino wa mhasibu umeanza kufifia.
Julai tisa, ada.
Julai kumi na moja, ada na mchango wa dawati.
Julai nane, nusu ada; salio, Julai kumi na tano.
Kila gunia lilishuka mizanini leo,
na kesho yake mimi nikaruhusiwa kuingia darasani.

Nikaongeza safu ya tano. Sikujua niiite nini.
Kitabuni kuna gharama, kuna hasara, kuna mtaji.
Nikaandika Sechelela.
Jedwali likagoma. Lilitaka namba.

Nikafuta ile "hana subira."
Nikamtumia ujumbe kabla chaji haijaisha:
Mama, ada ya mtihani nimelipa mwenyewe.
Mwaka huu mahindi yangoje Januari.

Jibu lilikuja alfajiri, simu ya jirani:
Nimeshauza juzi, mwanangu.
Lameck kaitwa kidato cha tano.