Dirisha Lisilo Kioo

Baldomero alinionya, lakini mimi najua zaidi.
Nikamimina thina kwenye kitambaa, nikasugua
dirisha la kushoto, upande wa dereva,
penye uso wa mgombea aliyeshindwa
mwaka ule mafuriko yalipozoa daraja.
Uso ulitoka. Ulitoka na nuru yote.
Plastiki ikaingia ukungu, kama jicho
la mbwa mzee, lile jeupe, linalokutazama
bila kukuona.

Kioo husamehe. Kioo ukikikwangua kwa wembe
kesho kimesahau.
Plastiki ni ngozi.

"Haya," akasema Baldomero, kibuyu cha majani machungu
kiganjani, mrija mdomoni,
"sasa umepata dirisha la bafuni."

Kwa hiyo la kulia nimelianza leo kwa adabu.
Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, matone mawili.
Kikausha nywele, moto wa chini, mbali kidogo,
mpaka pembe ya stika inyanyuke yenyewe
kama mtu aliyeamshwa na harufu ya mkate.
Ukucha, si kisu. Kisha mafuta ya alizeti
juu ya gundi, na kungoja.
Gundi haina haraka. Imekaa hapo
kuliko mume wangu alivyokaa.

Imetoka kambi ya pwani yenye mnara wa taa.
Imetoka timu ya mtaa wetu, iliyoshuka daraja
ikakaa huko huko.
Imetoka stika ya duka la matairi ambalo siku hizi ni kanisa.
Chini ya zote, farasi.

Farasi mwekundu, zawadi ya pakiti ya biskuti.
Nahuel alimbandika akiwa na miaka sita,
amekaa juu ya gunia la viazi,
maana gari hili halijawahi kuwa na kiti cha nyuma.
Alimbandika kichwa chini, miguu juu,
akalia nilipocheka.

Nimempigia simu Malmö. Huko kumekwisha kuwa usiku.
"Farasi gani, mama?"
Nyuma yake mtu akamuuliza jambo kwa lugha nisiyoijua,
naye akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, bila kukwama.
"Mbandue tu. Uza."

Mnunuzi anakuja Jumamosi kutoka Montevideo.
Anataka gari la kuchezea ufukweni,
na madirisha yanayoona.

Nimembandua.
Karatasi imevunjika kama ganda la yai,
gundi ikaviringika chini ya kidole gumba
kama nongo shingoni mwa mtoto anayeogeshwa.
Nimefuta mafuta, nimesuuza,
nimekausha kwa fulana kuukuu ya pamba.

Na bado yupo.
Jua la miaka ishirini na saba limeigeuza plastiki yote
manjano, manjano ya meno ya mvutaji,
isipokuwa pale alipokuwa.
Pale panang'aa: farasi mtupu,
kichwa chini, miguu juu,
habanduki, kwa kuwa si kitu,
ni mahali ambapo jua halikufika.

Nimeinama, nikaweka jicho kwenye tumbo lake.
Nimeuona mlima wote nyuma ya machimbo,
kamba ya nguo, soksi moja,
Baldomero akipiga chafya.
Hakuna sehemu nyingine ya dirisha
inayoona hivyo.

Jumamosi nitamwambia mnunuzi ukweli:
la kushoto nimeliharibu mimi, nampunguzia.
La kulia
bado sijalipangia bei.