Nyingine, Taja

Kaya ya kumi na saba, kitongoji cha Nambunga,
juu ya uwanda wa Newala, mwezi wa saba.
Kishikwambi kina chaji asilimia arobaini,
mimi nina koo kavu na beji yenye picha ya zamani.
Mkuu wa kaya: Somoe Likwata.
Umri: "Andika ule wa kwenye kadi ya kura.
Ule mwingine tutagombana."

Namsomea utangulizi kama nilivyofundishwa Masasi
kwa siku mbili na soda:
majibu yako ni siri,
hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi.
Ananitazama.
"Kama hakuna lililokosewa, mmekuja kurekebisha nini?"

Nabonyeza: Ameridhia.

Swali la tisa. Chanzo kikuu cha maji.
"Cha lini? Juzi bomba, leo pikipiki, kesho Mungu."
Napekua orodha. Kisima kimo, mto umo,
hata maji ya chupa yamo, huku ambako chupa
hununuliwa ikiwa na mafuta ya taa.
Pikipiki haimo.

Swali la ishirini na tatu. Huduma za zahanati:
umeridhika sana, kiasi, au hujaridhika?
"Nesi nimeridhika naye sana, anaamka usiku.
Kabati lake sijaridhika nalo. Weka yote mawili."
Mfumo haupokei mawili.
Naweka kiasi.
Wangapi nimewazika humo, katika kiasi!

Swali la thelathini. Fedha za korosho, nani huamua matumizi?
"Mimi!" anajibu shemeji yake kutoka uani,
anakozibua bomba la kupulizia.
Somoe anainamisha sauti:
"Andika yeye. Halafu muulize zimebaki ngapi."

Swali la arobaini na moja.
Katika wiki mbili zilizopita, kuna mtu wa kaya hii aliyekohoa?

Hajibu. Anaingia ndani,
anarudi na kopo la maziwa ya unga,
analimwaga mkekani: korosho, na maganda yake.

"Mwaka juzi walikuja wenye kofia za buluu.
Mwaka jana mkaja nyinyi.
Hakuna aliyerudi kutuambia tulisema nini.
Basi nikapita mwenyewe, jioni, nikitoka shamba.
Nyumba themanini na nne.
Penye mtu anayekohoa tangu tuanze kupuliza salfa,
korosho moja.
Sikuuliza umri, sikuuliza dini.
Nilisimama mlangoni nikasikiliza."

Nahesabu. Sitini na moja.
Moja imetobolewa; nataka kuiweka kando.
"Hiyo ni ya mzee Nampota. Usiitoe.
Arobaini yake bado."

Namuuliza, na hili halimo kwenye dodoso,
kwa nini wasiache salfa.
"Tukiacha, ubwiriunga unakula maua.
Maua yakiliwa, ada ya shule nitalipa kwa nini,
kwa kifua kizima?"

Sababu ya kikohozi, kinasema kishikwambi:
mafua. Kifua kikuu. Moshi wa kuni. Sijui.
Nyingine, taja.
Nagusa taja. Kisanduku kinabeba herufi sitini.
Naandika:
*Wanakohoa msimu wa salfa. Amehesabu kwa korosho. Nyumba siti*
na hapo kikagoma.

Msimamizi ananitumia ujumbe:
kaya moja dakika thelathini na tano,
wewe uko saa nzima, kuna nini huko?
Nasimama. Nashukuru kwa niaba ya mradi.
Upepo unapita mashambani na ule unga wa njano,
nami nakohoa, mara moja, kwa adabu,
nikiwa nimeziba mdomo kwa beji.

Somoe anaokota korosho moja pembeni ya mlango,
anaitia kopo.
"Mimi si wa hapa," nasema. "Nina siku tatu tu."
"Hilo," anafunika, "mimi sikuliuliza."