Sanduku la Maoni

Kadi ya mlangoni ya Nabirye ni ya kumi na moja tangu Pasaka.
Naipokea, natia sahihi, naiweka kwenye droo
pamoja na nyuso nyingine zilizopigwa picha siku ya kwanza,
zote zikitabasamu,
kola zao bado na mikunjo ya dukani.

"Sababu ya kuondoka?" nauliza, maana fomu inauliza.
Mshahara, masomo, ndoa, ugonjwa, mengineyo.
Anavitazama vile visanduku vitano
kama mtu anayetafuta viatu vyake nje ya nyumba ya matanga.
"Changu hakimo."
"Basi weka mengineyo."

Anakwenda Jinja kutengeneza betri za pikipiki
na binamu yake, ndani ya kontena lisilo hata na feni.
Ochan alirudi Gulu, anakamua ufuta.
Biira hakusema aendako.
Aliacha kikombe kikiwa na nusu ya chai,
na ile chai ilikaa siku tatu
kabla mtu hajauliza ni ya nani.

Huku kwetu, ghorofa ya tisa, Nakasero,
Mkurugenzi amenunua meza ya biliadi.
Tumegawa fulana.
Tumeadhimisha Wiki ya Furaha, Jumatatu hadi Ijumaa,
kuhudhuria ni lazima.
"Vijana wa leo hawana subira," anasema kikaoni.
"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."
Kutoka viti vya nyuma, Lubwama wa hesabu,
miezi kumi na minane akiitwa wa majaribio:
"Tumeinama, mzee.
Mvunguni tumewakuta walioinama kabla yetu."

Hakuna aliyecheka.
Kadi ya kumi na mbili ilikuwa yake.

Novemba senene walikuja, kama wajavyo.
Usiku nilichelewa, nikawaona wakijigonga kwenye vioo vyetu,
wakifuata taa tulizosahau kuzima.
Zamani hata wahitimu walikuja hivyo,
bahasha mkononi, foleni hadi barabarani,
nasi tulikuwa bati na pipa;
hatukuhitaji kujua jina la senene.

Ndipo Mkurugenzi akaniagiza niandike ripoti:
Vijana wanataka nini. Kurasa kumi, kabla ya Ijumaa.
Nikakumbuka sanduku la maoni, pale karibu na lifti.
Ufunguo ulipotea zamani, enzi za mkurugenzi wa tatu nyuma.
Nikamwita Mzee Odong wa umeme, aje na bisibisi.

Lilijaa.
Ganda la karanga, risiti ya roleksi, na karatasi, karatasi.
Moja inasema: *Naomba kujua jina la mtu anayesoma ripoti zangu.*
Nyingine: *Nilipofiwa na mama mlikata siku mbili. Sidai pesa. Nadai pole.*
Nyingine: *Kazi yangu ya dakika arobaini hungoja sahihi sita.*
Nyingine imechorwa tu: ngazi,
na juu ya ngazi, ngazi imelala.

Niliketi sakafuni na sketi yangu ya kikao.
Odong aliondoka taratibu, akaniachia bisibisi.

Chini kabisa palikuwa na karatasi ya rangi ya chai,
imekunjwa mara nne, kwa namna ninayoijua.
*Dirisha la ghorofa ya tisa halifunguki.
Joto ni kali, tunasinzia. Tafadhali.*
Mwandiko umelala kulia, na "t" zina mkia mrefu.
Hakuna mwingine hapa aandikaye "t" hivyo.

Miaka kumi na sita.
Nilikuwa na kola yenye mikunjo ya dukani.
Nilingoja wiki, nikangoja mwezi,
halafu nadhani nilizoea joto,
na walipokuja wengine wakilalamika
nikawaambia mtazoea.

Ripoti bado haijaandikwa. Leo ni Alhamisi.
Bisibisi ya Odong iko mkononi mwangu
na nimesimama mbele ya dirisha,
natafuta skrubu ya kwanza
chini ya tabaka zote hizi za rangi.