Mkia wa Jina

Jina la kwanza tulilolipeleka lilikuwa na mwenyewe.
Karani wa usajili, hapa Gyumri, akageuza kompyuta
tujionee: duka la magodoro huko Vanadzor,
limekufa mwaka wa nne sasa, ila jina bado linahema.
"Marehemu hajafutwa," akasema. "Leteni lingine."
Mama hakumjibu. Alikuwa akichambua sufu
kwenye mkono wa koti lake, unyuzi mmoja mmoja,
akiutia mfukoni. Mama yangu hatupi sufu.

Nyumbani nikapendekeza Usingizi.
Akasema: usingizi ungeuzwa, mteja wa kwanza ningekuwa mimi.
Nikasema Kondoo wa Dhahabu.
Akaniuliza nani aliwahi kumnyoa.
Nikasema, kwa sauti ya chini, Smbat na Binti,
na ukimya ukaingia, ukakaa kwenye kiti chake.

Jina la baba linajulikana mjini, sikatai.
Linajulikana benki, linajulikana kwa muuza petroli,
linajulikana kwa watu wawili wenye makoti ya ngozi
waliokuja theluji ikianguka, mimi nina miaka tisa,
wakabeba jokofu, wakabeba zulia,
wakarudia kitanda
mama akiwa ameketi juu yake.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
harusini alikwenda baba peke yake.

Gevorg wa orofa ya chini akatuchorea nembo
kwa ahadi ya mfarishi mmoja.
Kondoo aliyejikunja, mistari mitano ya samawati.
Mama akavaa miwani. "Mbwa huyu kanyeshewa wapi?"
Akachora tena: wingu. Akachora tena: kiazi.
Akatueleza habari za rangi, za nafasi nyeupe,
za jicho la mteja linaloamua kabla ya moyo.
Mama akasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
"Basi chema chako," nikamwambia,
"miaka kumi hakijashuka ngazi."

Jina likatoka kwa adui.
Bibi Haykanush, mlango wa pili,
aliiandikia manispaa kurasa mbili za malalamiko
juu ya "fimbo ya asubuhi",
ile mama anayopigia sufu uani,
ta, ta, ta, watu hawajanywa kahawa.
Mama akaisoma barua, akairudia,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Fimbo ya Asubuhi. Karani akatafuta:
hakuna, Armenia nzima.

Kisha akauliza aina ya kampuni,
akatusomea mkia unaofuata jina:
Dhima Yenye Kikomo.
"Ndiyo nini?"
"Ikianguka, watachukua vya kampuni, mama.
Cherehani, sufu. Kizingiti cha nyumba hawavuki."
"Na kitanda?"
"Kitanda ni chako."
Kalamu ikasimama juu ya karatasi.
"Sheria hii," akauliza polepole, "mwaka ule ilikuwepo?"
Karani, kijana wa watu, hakujua mwaka upi.
Akasema ilikuwepo.
Mama akatia sahihi kwa nguvu,
karatasi ya chini yake nayo ikapata sahihi.

Sasa kibao kiko juu ya mlango wetu
na Gevorg anakipita akitazama pembeni.
Alitueleza: mkia wa kisheria huandikwa mdogo,
au hauandikwi kabisa. Mama alikataa katakata.
Fimbo ya Asubuhi imekaa juu,
nyembamba, kama inayoomba radhi kwa Haykanush,
na chini yake, nyekundu, herufi nene kama mito,
zinasomeka tangu kituo cha basi:
DHIMA YENYE KIKOMO.

Wateja wanadhani ndilo jina la mfarishi.
Juzi mmoja kaja na pesa mkononi:
"Nishonee kikomo kimoja, cha watu wawili."
Mama akachukua futi, akampimia.