Malori ya Maziwa

Kaka yangu Ctibor anahesabu malori.
Saa nane na robo usiku, la kwanza.
Saa nane na nusu, la pili.
Anayaandika katika daftari la kiwanda cha vioo,
kiwanda kilichofungwa Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana;
watu mia sita na kumi waliambiwa na kipaza sauti
kilichozoea kutangaza matokeo ya magongo ya barafuni.
Safu za daftari zilikuwa: Chupa. Glasi. Zilizovunjika.
Amezikata kwa wino: Namba. Mwelekeo. Taa.

"Ni maziwa," namwambia. "Yanatoka bondeni."
"Maziwa gani yanayosafiri gizani?"
"Yote, Ctibor. Ndiyo maana asubuhi yapo."
Ananitazama kwa huruma,
kama mwenye macho anavyomtazama aliyeyauza yake.

Msimcheke. Mkimcheka mnampa ushahidi.
Nilikuwa na miaka tisa mto ulipogeuka rangi ya chai,
samaki wakaelea matumbo juu hadi darajani,
na redio ikasema ni chavua ya misonobari.
Kesho yake mwalimu akatupa imla: chavua ya misonobari.
Ctibor alipata alama zote.
Na jirani Blažej, aliyetufundisha kuteleza kwenye barafu,
ndiye aliyeripoti kila neno la baba kwa miaka kumi na mmoja.
Jalada tulilisoma baadaye. Hata supu tuliyokula imo.
Aliyeumwa na nyoka, husemwa, akiona ung'ongo hushtuka.
Sisi nyoka alitulea. Alitufunika shuka.

Halafu Želmíra wake akafa.
Bonge la damu, nikamweleza, dogo kama dengu.
"Kama dengu?"
Mwanamke yule, aliyecheka hadi glasi zikaitika kabatini,
aliyebeba jiko la chuma ngazi tatu peke yake?
Akaenda jikoni, akaleta dengu moja,
akaiweka mezani katikati yetu.
Tuliitazama muda mrefu.
"Hapana," akasema, na kuifagia kwa kiganja.
Kifo kikubwa hivyo hakikosi baba mkubwa.

Usiku uleule, au mwingine, sauti kwenye simu yake
ilimwambia: wewe si mjinga,
wewe ni mmoja wa wachache walioamka.
Tangu kiwanda kifungwe
hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba yeye ni mmoja wa chochote.

Sasa anajua nani anamiliki mawingu.
Anajua mnara wa simu unaongea na meno yake.
Mambo yasiyopatana amekwisha yapatanisha:
hospitali iliua watu wote, na hospitali ilikuwa tupu.
Nikimwonyesha ufa, anaingiza kidole na kuupanua,
"Umeona? Wanataka tuone ufa."

Jumapili namletea supu ya kabichi. Dengu sipiki tena.
"Wewe uko ndani, dada," husema.
"Wanaficha nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa zamu.
Fomu ya sindano, ya kuzuia damu isigande,
ilihitaji saini moja. Daktari alikuwa mmoja, ghorofa mbili.
Wauguzi watatu, vitanda arobaini na kimoja.
Karatasi ililala chini ya kikombe changu
kuanzia saa tano hadi alfajiri;
ilipopatikana ilikuwa na duara la chai.
Hatukula njama. Hatukukaa kikao.
Kila mmoja alinyamaza kwa wakati wake,
na kimya chetu kikajikuta kimepatana.

Anatafuta angani, kaka yangu,
anatafuta barabarani, saa nane na robo, saa nane na nusu,
kitu kilichoketi mbele yake kikimpulizia supu.

Leo nimelala kwake. Vidole vimemfa ganzi kwa baridi,
ananipa kalamu. Lori linapita.
Naandika namba, mwelekeo.
Taa: mbili, moja hafifu.

Asubuhi natia maziwa kwenye kahawa yake.
Ananusa kikombe kwanza.
Halafu, kwa kuwa ni mimi niliyempa,
anakunywa.