Kiti Chenye Tundu

Karatasi ya maelekezo ilitufikia ikiwa nakala ya nakala,
maandishi yamefifia kama kanga ya kushindia:
usichuchumae,
usikalie kitu kilicho chini ya goti,
usikunje nne,
tumia choo cha kukaa.
Nilimsomea kila mgonjwa kitandani, kwa sauti,
kisha nikauliza, "Umeelewa, baba?"
na baba akasema ee,
nami nikaweka tiki.

Mzee Chilongani wa Bahi alisema ee.
Alikuwa ameuza ng'ombe wanne kwa ajili ya nyonga ile,
na mbuzi kwa ajili ya nauli.
Siku ya kumi na tisa akarudishwa kwenye pikapu la mpunga,
mguu umefupika, vidole vimegeukia ndani,
chuma chetu kimechomoka kwenye kikombe chake.
Usiku, akaniambia, tumbo lilinishika.
Hakusema zaidi. Nilimalizia mwenyewe:
matofali mawili, shimo katikati,
giza, na mtu mzima ana haja yake.
Faili lake lilikuwa wazi mezani.
Tiki yangu ilikuwa imenyooka vizuri sana.

Kwa hiyo Bi Foibe Ndahani alipoletwa kutoka Hombolo,
nyonga imesagika kwa miaka ya kuinamia mizabibu ya watu,
niliitia karatasi mfukoni.
"Mbukwa," nikasema. Nikavuta stuli.
"Choo chako kikoje?"

Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha sita akaamka.
"Hapa nimeulizwa presha, nimeulizwa sukari,
kadi ya bima nimeulizwa mara tatu.
Choo! Wewe sista ni wa wapi?"
Kisha akafuta machozi ya kicheko, akajibu.
Cha shimo. Mlango ni gunia.
Kitanda cha kamba, kimo chake hapa, akagusa ugoko.
Jiko, mafiga matatu. Kigoda, urithi wa mama mkwe.
Maji? Punda wa jirani, asipokwenda mnadani.
Nikaandika yote nyuma ya karatasi ile ile,
upande mweupe ambao hakuna aliyewahi kuutumia.

Mwanawe Lameki alimpima mama mguu kwa uzi,
kutoka kisigino hadi nyuma ya goti,
akapiga fundo, akaenda nalo Majengo sokoni.
Alinunua kiti cha plastiki cha bluu, vile vya kukodisha misibani,
akapasha kisu moto, akakata tundu,
akalipiga msasa jioni nzima
maana anayekalia ni mama.
Matofali manne chini ya kitanda.
Mafiga yakapandishwa juu ya meza ya udongo.
Kigoda akapewa mjukuu, akaambiwa akifiche,
na bibi asiambiwe wapi hata akibembeleza.

Daktari aliyempasua alifanya kazi safi,
mshono kama wa fundi wa nguo za harusi.
Simpunguzii hata chembe.
Ila nyonga haikai chumba cha upasuaji.
Inakaa Hombolo, na inaamka saa tisa usiku.

Wiki ya sita nilimfuata kwa pikipiki,
upepo wa Agosti ukinitia mchanga menoni.
Uani kimya. Gongo moja limeegemezwa ukutani,
la pili limeanikiwa nguo.
Nikasogea kuchungulia, sauti ikatoka nyuma ya gunia:
"Hodi kwanza, sista! Mwenye kiti yuko kikaoni."

Leo orodha ina majina thelathini na mawili.
Nyonga za chuma stoo zimebaki saba.
Mzee Chilongani tulimrudishia yake, anatembea,
lakini nikimsomea chochote hasemi tena ee;
ananitazama tu mpaka namaliza.
Fomu mpya imeletwa kutoka juu, imepigwa chapa vizuri,
haina mstari wa choo.
Naandika pembeni kwa kalamu,
mwandiko mdogo unaopinda na kona ya ukurasa:
kikoje? kiko mbali kiasi gani na mlango?
nani atamshika mkono?
taa ipo?